Gari la kupakia matagaa Fuoni: mpaka afe mtu ndiyo watu wasogezwe?

Assalaam alaykum wanajukwaa. Naandika na hasira zangu, na asije mtu kuniambia nitulie.

Tangu upepo wa masika uangushe mwembe na mivinje huku kwetu, kila nyumba imetoa matagaa njiani. Vizuri. Limeletwa gari la kupakia, lile lenye mkono wa kreni na makucha. Vizuri zaidi. Sasa njooni mtazame kazi yenyewe. Mkono umenyanyua fungu, matagaa yananing'inia, na chini yake wamo kina mama wanachomoa kuni kwenye lundo hilohilo linalochotwa! Watoto wa skuli wamejipanga na simu wanapiga video. Mbuzi nao wamo. Na utingo, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaondoa watu, kakaa kivulini na juisi yake ya miwa.

Mie nimekula ugali wa bandarini. Kitu cha mwanzo kabisa unachofundishwa penye kreni ni kuwa chini ya mzigo hapapitwi, hata ukiuona umetulia. Na matagaa ni mabaya kuliko kontena, maana fungu halishikiki sawasawa: gogo moja likichomoka katikati halichagui kichwa. Dereva macho yako kwenye makucha, hana habari na aliye mgongoni kwake. Mkono ukizunguka, ncha za matagaa marefu zinafagia mbali kuliko mkono wenyewe. Ile miguu ya pembeni ya kulituliza gari wameishusha juu ya udongo uliorowa, hata ubao chini hakuna!

Alhamisi makucha yalifumba, yakanyanyua, kumbe ndani ya lundo mna waya wa kuanikia nguo, na upande mmoja bado umefungwa kwenye nguzo ya baraza ya bibi mmoja. Waya ukakaza, ukalia, ukakatika, ukapita kama mjeledi usawa wa uso. Watu wakacheka. Wallahi, walicheka! Bibi mwenyewe alikuwa mlangoni, kashika ufagio.

Na msidhani nawasema wenye gari tu. Sisi tunavyorundika ni aibu. Matagaa yamechanganywa na mifuko ya taka, vipande vya bati, matofali, godoro. Wengine wamekata kila kitu vipande vidogo kwa panga, wanadhani wamesaidia, na makucha hayashiki vijiti, vinamwagika vyote. Acheni marefu kiasi, muyalaze upande mmoja, vitako vyote, yaani upande uliokatwa, vitazame njiani, yasisokotane. Yakae mbali na ukuta, mita ya maji na magari yaliyoegeshwa. Na jamani, si juu ya mtaro! Mvua ikija maji yatapita wapi, sebuleni kwako?

Lakini lundo kubwa kuliko yote liko wapi? Chini ya waya wa umeme. Umeme wa msongo mkubwa hausubiri kuguswa, unaruka. Huko Marekani kanuni inamtaka mwenye kreni akae si chini ya mita 3 kutoka kwenye waya wa mpaka voti 50,000. Hapa kwetu tawi la mvinje limepita karibu na waya mpaka nikafumba macho. Lingegusa, gari zima lingekuwa na umeme, na ardhi inayolizunguka vilevile. Najua mngefanya nini: mngekimbilia kumvuta dereva, mkaanguka nyote. Dereva anabaki ndani, watu wanakaa mbali, ZECO, shirika letu la umeme, wanapigiwa wakate umeme kwanza. Moto ndio umtoe, na hapo anaruka miguu pamoja, asishike gari huku anakanyaga chini, kisha anaondoka kwa kuburuza nyayo.

Nilimfuata msimamizi wao. Akanijibu, "Mzee, watu wenyewe hawasikii." Hawasikii nani, na hakuna aliyewaambia? Kamba hakuna, filimbi hakuna, kijana wa kusimama kila upande wa njia hakuna. Filimbi shilingi ngapi? Kama mtu yuko ndani ya eneo, mkono usinyanyuke, basi. Dereva akichelewa, achelewe.

NYONGEZA: Nimeona mlioandika kuwa naringa kwa sababu mie napikia gesi, na kuni zikichukuliwa mtapika na nini. Hoja hiyo naikubali, kuni ni haki yenu. Chagueni kuni zenu usiku wa kuamkia siku ya gari, mtenge lundo lenu ndani ya ua, la njiani libaki la gari. Gari linarudi Jumamosi upande wa msikitini. Mwenye honda nyekundu pale kwenye kona aitoe mapema, na lile lundo la chini ya waya tulihamishe Ijumaa baada ya Alasiri. Mapanga na glovu ninazo, nataka vijana tu.