Mama ananipa £28,000 za dipoziti, wakili anataka kujua kila peni ilikotoka

binti_wa_mama
Habarini ndugu zangu mlioko Uingereza. Nanunua nyumba Coventry na mama ameamua kunipa £28,000 za dipoziti. Ni zawadi, hataki kurudishiwa. Broka ameshamjulisha mkopeshaji, na mama ameshasaini barua ya zawadi.

Sasa wakili wangu anataka pasipoti ya mama, uthibitisho wa anwani, stetimenti za miezi sita, na maelezo ya kila pesa kubwa iliyoingia. £15,000 ni kiinua mgongo cha pensheni yake. £9,000 aliziweka kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wa kutunza wazee. Hizo hazinitishi. £4,000 zilizobaki ndizo zenye kazi, ni za upatu. Wako wanawake 11, kila mmoja anatoa £400 kwa mwezi, na zamu ya mama ilipofika wenzake kumi walimwingizia, kila mtu kutoka akaunti yake. Wakili ameona majina kumi na kiasi kilekile wiki moja, anauliza ni biashara gani.

Kinachoniuma ni mama mwenyewe. Amewanyanyua wazee wa watu vitandani mpaka mgongo wake ukashindwa, hajawahi kukwepa kodi, leo anaambiwa athibitishe kwamba pesa yake ni halali. Jana kasema kama wanamwona mwizi, basi waiache. Nyumba naitaka, ila sitaki anipe huku ana kinyongo moyoni. Upatu unathibitishwaje? Na haya maswali ni lazima kweli?

karani_wa_nyumba
Pole dada, na mama mpe pole zaidi. Nafanya kazi ofisi ya mawakili, upande wa ununuzi wa nyumba, na barua za maswali kama hayo naziandika mimi. Ni lazima. Kanuni za kuzuia utakatishaji fedha za 2017 zinambana wakili, na akifumba macho anaweza kuadhibiwa au kushtakiwa yeye. Tajiri naye anaulizwa hivyohivyo.

Stetimenti yenye £28,000 inaonyesha pesa ilipo. Wakili anauliza ilifikaje hapo. Kwa kiinua mgongo, tafuteni barua ya mfuko wa pensheni yenye kiasi kilicholipwa, halafu kiasi hichohicho kionekane kikiingia benki. Kwa akiba, hati chache za mshahara, na stetimenti za akaunti zote mbili, ile ya mshahara na ile ya akiba. Pakueni stetimenti kamili kutoka benki, kurasa zote. Picha za simu nyingi tunazirudisha.

Upatu sasa. Usiufiche, na tafadhali usiuite zawadi ya marafiki, maana hapo wakili anaweza kudai vitambulisho vya wote kumi kama watoa zawadi. Mama aandike ukurasa mmoja kwa maneno yake: wako wangapi, kiasi gani, ratiba ya zamu, na kwamba anachopokea ndicho anachochanga. Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ni stetimenti za mzunguko mzima, miezi 11 badala ya sita. Pale £400 zitaonekana zikitoka kwake kila mwezi kwenda kwa majina yaleyale yaliyomtumia. Pakeni rangi kila jina, anayesoma ataelewa bila kusimuliwa. Ongezeni barua ya mweka hazina na ratiba iliyo kwenye kundi lenu la WhatsApp. Kama mzunguko haujaisha, aseme wazi amebakiza miezi mingapi na atailipa kwa pesa ipi.

Na kama wakili atazikataa hizo £4,000, zawadi ikipungua barua iandikwe upya na mkopeshaji aambiwe. Kiasi lazima kilingane kila mahali.

mzee_wa_leicester
Mwanangu, mimi nilikuwa upande wa mama yako, nilipompa kijana wangu. Kilichonikera hasa ni mwanangu kusoma matumizi yangu yote. Nikamwomba wakili nimtumie karatasi mwenyewe moja kwa moja, akakubali, na tukazungumza kwa simu. Alinieleza kwa heshima na hasira ikanitoka. Mwombee mama nafasi hiyo.

Aelewe pia alichosaini: hana fungu katika nyumba hiyo na hawezi kuja kuidai. Wakili ni wako, si wake. Akiwa na wasiwasi, atafute ushauri wa wakili wake mwenyewe. Kuhusu kodi ya mirathi, zawadi hii huhesabiwa kwenye mali yake kama akifariki kabla ya miaka 7, ila kama jumla yote haifiki £325,000 kwa kawaida hakuna cha kulipa.

binti_wa_mama
Ahsante sana mzee wangu, na wewe karani. Nimemsomea mama majibu yenu, amekubali kuzungumza na wakili. Mweka hazina naye anaandika barua. Mama anauliza, azikusanye pesa zote kwenye akaunti moja sasa hivi?

karani_wa_nyumba
Hapana, aziache zilipo. Kila anapozihamisha anaongeza stetimenti nyingine ya kuletwa. Muulizeni wakili kama zitumwe kwake moja kwa moja au zipitie kwako. Akiwapa namba ya akaunti, mpigieni kwa ile namba ya simu mliyopewa siku ya kwanza awasomee tarakimu zote, kwa sababu wezi huingilia barua pepe na kubadilisha akaunti. Zikilingana, mama atume.