Cheni ya baiskeli inalia: oili chafu, grisi au mafuta ya cherehani?

Mtu wa Pantoni
Wakuu, habari za jioni. Nina baiskeli ya mtumba ya Kijapani, ya gia. Kila asubuhi natoka nayo Kibada hadi kivukoni Kigamboni, navuka, naendelea Kariakoo. Uchochoroni kwetu ni mchanga mtupu, na pale pantoni upepo wa chumvi unapiga. Sasa cheni inalia hadi abiria wananigeukia. Fundi wa mtaani anasema nimwagie oili chafu ya gari. Jirani anasema grisi. Shemeji yangu mshonaji ananipa mafuta ya cherehani. Vifaa sina, nina mswaki wa zamani na matambara tu. Nimsikilize nani?

Fundi Mstaafu Shy
Msikilize shemeji yako.

Kijana wangu, nimetengeneza baiskeli Shinyanga tangu enzi za Swala na Phoenix, na ugomvi huu wa mafuta haujawahi kuisha. Watu wanapaka cheni kwa nje, ing'ae. Nje hakuna kazi yoyote pale! Kinachosagana ni pini (vile vijiti vinavyounga vipande vya cheni) na rola (vibomba vidogo vinavyozunguka juu ya pini), ndani. Mafuta yakibaki nje yanakamata mchanga tu, na mchanga ukichanganyika na mafuta unakula chuma kama msasa. Grisi ndiyo mbaya zaidi: nzito, haiingii ndani, na vumbi lote la Kibada utalibeba wewe.

Kuosha: baiskeli igeuze miguu juu. Mafuta ya taa kidogo kwenye kopo, chovya mswaki, sugua cheni pande zote huku unazungusha pedeli kinyumenyume. Usisahau vile vigurudumu viwili vya kikono cha nyuma kinachohamisha gia, uchafu unaganda pale hadi unakuwa ukanda, uukwangue kwa bisibisi. Futa kwa tambara, rudia mpaka tambara litoke karibu safi. Petroli usiguse, hasa kama mama anapikia mkaa hapo uani.

Halafu iache ikauke. Hapa wengi wana haraka. Mafuta ya taa yakibaki ndani yatayeyusha oili utakayoweka, na kesho italia tena.

Ikishakauka, weka tone moja la mafuta ya cherehani juu ya kila rola. Tone, si kumwaga. Zungusha pedeli kidogo, iache ilale usiku kucha. Asubuhi shika cheni kwa tambara kavu, zungusha, futa nje yote mpaka ukiigusa kidole kitoke na weusi mdogo tu. Watu wanaona kufuta ni kupoteza mafuta waliyonunua. Yanayotakiwa yameshaingia.

Mbeba Mkaa
Shikamoo mzee. Mimi napakia magunia mawili ya mkaa, natumia oili chafu miaka yote na cheni hailii. Ni ya bure, gereji wanamwaga.

Fundi Mstaafu Shy
Marahaba. Hailii, ni kweli. Lakini ile oili imetolewa kwenye injini kwa sababu imejaa masizi na vumbi la chuma, wewe unairudisha kwenye chuma kingine. Na mikononi si nzuri, ngozi inadhurika. Kwa mzigo wako nunua robo ya oili mpya ya pikipiki. Ni nzito kuliko ya cherehani, inastahimili zaidi, ila uifute kwa nje.

Na pima cheni yako. Chukua tepu ya seremala yenye inchi, anzia katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Cheni mpya inaangukia inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, imeisha, hata uiogeshe kwa asali. Ukiiacha itakula na meno ya sproketi, yaani gurudumu la meno linalovutwa na cheni, na hapo unanunua vyote.

Ukht wa Mji Mkongwe
Naongezea kwa sisi wa pwani: mafuta ya cherehani ni mepesi, hayakai. Mimi huku Unguja natia kila wiki, na nikinyeshewa nafuta cheni siku hiyo hiyo kabla ya kulala, la sivyo asubuhi kutu ishaanza. Mafuta ya kupikia msitie jamani, yanaganda yakawa kama gundi. Na chungeni mafuta yasirukie rimu, breki hazitashika.

Mtu wa Pantoni
Ahsanteni sana. Mzee, na mafuta ya taa yaliyochafuka nayamwaga wapi?

Fundi Mstaafu Shy
Humwagi. Yatie kwenye chupa, funga, yaache siku mbili tatu. Uchafu unatuama chini, yale ya juu yanakuwa meupe, unayamimina taratibu unatumia tena. Andika juu ya chupa ni nini, na uiweke mbali na watoto. Cheni ikiendelea kulia baada ya hapo, piga picha ya sproketi ya nyuma uiweke hapa tuone meno.