Mjadala: Je, muuguzi alazimishwe kupima saratani ya mlango wa kizazi kama sharti la kazi?

Wakuu, salaam.

Kuna hoja inayorudi kila wahudumu wa afya wanapokutana: kwamba mwanamke anayefanya kazi ya uuguzi, ukunga, udaktari au maabara aonyeshe cheti cha kupima saratani ya mlango wa kizazi, la sivyo asiongezewe mkataba. Wanaoitetea hawajaiokota hewani. Tafiti nyingi za Afrika na Asia zimekuta jambo lilelile: wahudumu hawa wanaujua ugonjwa, wanajua unaletwa na kirusi cha HPV na kwamba unazuilika, lakini waliowahi kupima wao wenyewe ni wachache kuliko ambavyo mtu angetegemea.

Mimi nalipinga sharti hilo.

Uzito wa ugonjwa sina ubishi nao. Mwaka 2022 waligunduliwa wagonjwa wapya wapatao 660,000 duniani na wakafa kama 350,000, wengi mno katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Na ni ugonjwa unaotoa nafasi. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, mabadiliko ya seli huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Kinga ikiwa dhaifu, mfano kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, ni 5 hadi 10. Muda wa kuwahi upo.

Tunapoachana ni pale wanaposema kikwazo ni uzembe. Hebu tazameni kipimo cha siki kinavyofanyika. Muuguzi anavua, anapanda kitandani, anawekewa spekulamu, kile kifaa cha kupanua uke. Anayempaka asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi na kusubiri dakika moja aone kama patageuka weupe, dalili ya seli zisizo za kawaida, ni nani? Ni mwenzake wa zamu. Pengine ni binti aliyemfundisha kazi mwenyewe, na mchana watakaa meza moja kunywa chai. Jina linaandikwa kwenye rejista iliyolazwa wazi mezani, na kila anayeingia kuchukua glavu anaipitisha jicho. Akikutwa na tatizo, habari inafika wodini kabla yake. Na kwa kuwa HPV huambukizwa kwa kujamiiana, minong'ono haiishii kwenye ugonjwa, inaingia mpaka kwenye ndoa yake. Ongezeni na kisanduku cha VVU kwenye fomu hiyohiyo. Mgonjwa wa kawaida akishapimwa anaondoka. Huyu anabaki, na kesho ana zamu.

Sharti la kazi haliondoi hata moja kati ya hayo. Litazalisha vyeti tu, na mhuri sote tunajua uko droo ya nani.

Kuna wanaouliza, mbona chanjo ya homa ya ini B inadaiwa sehemu nyingi na hakuna anayelalamika? Kwa sababu homa ya ini B inaweza kumpata kwa sindano ya kazini, na inaweza kutoka kwake ikamfikia mgonjwa. Saratani ya mlango wa kizazi haitoki kwa muuguzi kwenda kwa mgonjwa. Mwajiri anayetaka cheti chake anaingia mahali pasipomhusu.

Ninachopendekeza ni swabu ya kujichukulia, yaani kijiti laini cha kuchukulia sampuli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka kipimo cha vinasaba vya HPV ndicho kitangulie, na sampuli yake mwanamke anaweza kuichukua mwenyewe. Anaingia chooni, anafunga mlango, anaingiza swabu ukeni, anaizungusha, anaitia kwenye kichupa, basi. Kichupa kiende na namba badala ya jina, tena maabara ya nje ya kituo. Jibu likiwa safi, asiye na VVU, anayeanza kupima akiwa na miaka 30, anakaa miaka 5 hadi 10 ndipo arudie. Mwenye VVU anaanza na 25 na kurudia kila baada ya miaka 3 hadi 5. Halafu kuna masista wakuu waliovuka 50, ambao hatuwataji: kwao kipimo cha siki mara nyingi hakifai, maana sehemu inayotakiwa kuonekana imeshaingia ndani.

Nawasilisha. Pingeni kwa hoja.

Mkunga:
Ya rejista ni kweli tupu, lakini unatudekeza. Kila asubuhi nasimama mbele ya akina mama nawahimiza wapande kitanda hichohicho. Mmoja akiniuliza, "Na wewe sista, umepima?" nimjibu nini? Mganga hajigangi, haya, lakini mimi sitaki kudanganya watu. Tukiachiwa hiari tutaahirisha mpaka tustaafu. Mwezi huu zamu za usiku, mwezi ujao mtoto anaumwa, unaofuata nipo kwenye siku zangu. Lazimisheni tu.

Mama wa kawaida:
Samahani, mimi si mhudumu. Mnaongea kama vile aibu ni yenu peke yenu. Aliyenipima mimi tunaishi mtaa mmoja na tunasali pamoja. Nilipanda kitanda kwa sababu ninyi ndio mlioniambia hakuna cha kuonea haya. Kama swabu ya chooni ni nzuri hivyo, kwa nini ianzie kwa wauguzi?

Mtu wa maabara:
Mleta mada umeruka hatua. Akikutwa na HPV, lazima mtu atazame mlango wa kizazi kabla ya kumtibu kwa kugandisha seli zenye tatizo au kuziunguza kwa joto. Hiyo spekulamu umeiahirisha, hujaifuta. Pia kipimo cha vinasaba kinataka mashine na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia. Siki inapatikana popote, vitendanishi vikiisha sampuli zinakaa.

Mleta mada:
Mtu wa maabara, nakubali, ila angalia hesabu. Kwenye siki wote wanapanda kitanda. Kwenye swabu wanapanda waliokutwa na kirusi tu, na hao wapewe barua ya kwenda kituo kingine wanakotaka wao, kwa siku ya kazi yenye malipo. Vitendanishi ni tatizo la kweli na sina dawa yake hapa.

Dada mkunga, hiyo orodha yako ya kuahirisha, zamu na mtoto, inatibiwa na ruhusa ya nusu siku. Ukilazimishwa bila kupewa hiyo nusu siku utaenda kwa mwenye mhuri, na yule mama akikuuliza utamwonyesha karatasi.

Mama, umenibana. Nilianzia kwa wauguzi kwa sababu mada ilikuwa yao. Lakini mwongozo niliouleta haukuandikwa kwa ajili ya wauguzi, ni wa wanawake wote. Kituo kikishaweka swabu kwa ajili ya wafanyakazi wake, halafu kikaendelea kuwapandisha wengine kitandani bila kuwapa nafasi ya kuchagua, wewe utakuwa wa kwanza kuuliza, na sioni watakujibu nini.