Mrejesho: Mint Xfce imekubali kwa ile kompyuta ya RAM GB 4

Wasee, niliuliza Linux gani (mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows) itafaa kompyuta yetu ya nyumbani hapa Umoja, ile ya RAM GB 4, juu Windows 10 iliacha kupewa sapoti Oktoba 2025 na 11 inaikataa. Asanteni sana nyote.

Ubuntu ya kawaida, aina moja ya Linux, ilifunguka lakini ukiwasha brauza inakuwa nzito, so nikafuata mwenye alisema Linux Mint ya Xfce, aina nyingine iliyo nyepesi. Na yule aliniambia nijaribu kwanza kwa flashi kabla sijafuta kitu, Mungu akubariki, maana hapo ndio niliona waifai haitokei kabisa nikajipanga mapema. Nikainstoli, nikachomeka simu na waya ya USB nikaipa bando, nikafungua ile programu ya draiva (vijiprogramu vya kuendesha vifaa kama waifai), ikashusha, nikarestati, na jina la waifai yetu likatokea pale chini kwa kona ya kulia. Nilifurahi sana!

Printa inachapisha vizuri, lakini skana yake imegoma mpaka leo, kwa sasa naskani na simu. Mwenye amewahi kuitatua aniambie tafadhali, imeunganishwa na USB.