"Dawa ni dawa, mama": hivi mnaotuandikia dawa mnatuonaje?

Wadau, leo sina salamu ndefu. Nimetoka kliniki nimefura, na nikinyamaza nitapasuka. Wenye roho nyepesi mniwie radhi.

Mimi ni mama wa Kisumu, nauza mitumba Kibuye, na ninaishi na virusi vya UKIMWI. Nimeshazoea kulisema hilo, kwa hiyo wale wa "pole sana" wawekee pole zao mambo ya huko chini. Tangu nibadilishiwe dawa nikawekwa kwenye dolutegraviri, hii tunayoiita DTG, mwili umeongezeka hadi nguo ninazojichagulia kwenye bale langu mwenyewe zinanikataa. Presha nayo imeanza kunyemelea. Leo nikamuuliza kijana aliyekuwa zamu: "Daktari, hii dawa ilipojaribiwa, ilijaribiwa kwa wanawake kama sisi?"

Akacheka. Macho hata hakuyainua kwenye kadi yangu. "Dawa ni dawa, mama. Punguza chapati." Akaita namba inayofuata.

Basi ndugu yangu, kwa kuwa pale hukunipa nafasi, jibu lako ni hili hapa.

Marekani iliidhinisha dolutegraviri mwaka 2013. Katika jaribio la SINGLE, mojawapo ya majaribio makubwa yaliyoipatia kibali, zaidi ya washiriki wanane katika kila kumi walikuwa wanaume. Huu ni ugonjwa ambao zaidi ya nusu ya wanaoishi nao duniani ni wanawake na wasichana, na huku kwetu kusini mwa Sahara tumewazidi wanaume kwa mbali. Jaribio la wanawake watupu lilikuja kutoa majibu yake dawa ikiwa tayari madukani. Habari ya uzito ilikuja kuonekana vizuri mwaka 2019, pale matokeo ya majaribio ya Afrika Kusini na Kameruni yalipotoka. Yale ya Afrika Kusini yalionyesha wazi kwamba wanawake waliongezeka kilo kuliko wanaume. Miaka sita baada ya kibali! Sasa hapo chapati inaingilia wapi?

Na mtu asije hapa kusema nachochea watu waache dawa. DTG ni dawa nzuri. Inashusha virusi haraka, na virusi vinapata tabu sana kuizoea. Naimeza kila siku na nitaendelea kuimeza. Ndiyo maana kilichotokea 2018 kinanichoma hadi leo.

Mnakumbuka? Mwezi Mei mwaka huo, watafiti wa Botswana walitoa taarifa kwamba kati ya akina mama 426 walioshika mimba wakiwa tayari wanatumia DTG, watoto wanne walizaliwa na kasoro za uti wa mgongo na ubongo, zile za mgongo wazi. Ni jambo la kutisha, sikatai, na walifanya vizuri kusema mapema. Lakini tazama kilichofuata. Shirika la Afya Duniani likasema mwanamke mwenye njia ya uhakika ya kupanga uzazi anaweza kupewa, baada ya kuelezwa. Huku kwetu Kenya, na si Kenya peke yake, ikawa mkato: mwanamke wa umri wa kuzaa abaki na efavirensi, ile dawa ya virusi ya zamani. Wanaume wote, karibuni dirishani.

Mume wangu akapewa. Tukawa na chupa mbili kwenye rafu moja, pembeni ya kopo la majani chai. Yake ameze asubuhi, aende kazini mzima. Yangu ilikuwa ya usiku, kwa sababu ukiimeza mchana kichwa kinazunguka kama umepanda matatu ya mlimani. Nikifumba macho ndoto zinaanza, na si ndoto za kawaida. Nimewahi kuamka nimeshika shati la mtoto nikipiga kelele kwamba ziwa limeingia ndani ya nyumba. Waliotumia efavirensi wanajua ninachosema. Asubuhi unakwenda sokoni umelewa usingizi, mteja anakupa elfu moja unamrudishia chenji ya mia tano.

Mshauri wa kliniki nilipomuuliza mbona mimi sipewi, alisema, "Mama, wewe bado uko kwa umri wa kuzaa." Basi. Hakuuliza kama nataka mtoto mwingine. Hakuuliza kama nina njia ya kupanga uzazi, na kijiti cha kuzuia mimba kilikuwa chini ya ngozi ya mkono wangu, angenishika angekigusa. Mtoto ambaye hata sijamuwaza alipewa kura, mimi niliyekaa mbele yake kwenye benchi sikupewa.

Sasa ngojeni mkasikie hii ya kijiti, maana hapa ndipo damu inaponichemka.

Efavirensi inaharakisha ini kuondoa homoni za kile kijiti mwilini, kijiti kinapungua nguvu. Hii haikuwa siri. Mwaka 2015 jarida la Lancet HIV lilichapisha utafiti uliofuatilia wanawake zaidi ya elfu ishirini wanaoishi na virusi, na walitoka wapi? Hapa hapa magharibi mwa Kenya. Wenye kijiti waliokuwa kwenye efavirensi walishika mimba takriban mara tatu zaidi ya wenye kijiti waliokuwa kwenye nevirapini, dawa nyingine ya virusi. Kwa haki, hata hivyo kijiti kilifanya kazi vizuri kuliko sindano au vidonge, watafiti wenyewe walisema. Lakini angalia mpangilio wa akili hii: unanizuia dawa bora ili nisipate mimba yenye hatari, halafu unanibakiza kwenye dawa inayodhoofisha kinga yangu ya mimba, na huniambii.

Wifi yangu alishika mimba na kijiti chake mkononi. Akaenda kliniki, sista akamwambia mbele ya foleni kwamba "nyinyi mnatoa hivi vitu halafu mnakuja kutudanganya". Akavua sweta, akamwonyesha. Akaambiwa labda kiliisha muda. Hakuna aliyetaja dawa anayokunywa kila usiku. Nyumbani nako mume akaanza maswali ya ajabu. Mtoto yupo, mzuri, anasoma nasari, lakini ile aibu ya foleni hakuna aliyeiomba radhi.

Na Botswana? Waliendelea kuhesabu, kama wanasayansi wa kweli. Kufikia 2019 akina mama walikuwa 1,683 na kasoro tano, yaani hatari imeshuka sana, na miaka iliyofuata tofauti ikafifia kabisa. Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likasema DTG ni ya wote, wanawake wakiwemo. Mwaka mmoja kabla, Julai 2018, wanawake wa Kiafrika wanaoishi na virusi walikuwa wamekutana Kigali na kutoa tamko kwamba tuelezwe ukweli, tuchague wenyewe. Nani aliwasikiliza? Mimi nilibadilishiwa baadaye kimyakimya, kama mtu anayebadilishiwa sahani iliyokuja na nzi.

Ugonjwa huu wa kutuacha nje ni wa zamani. Baada ya balaa la thalidomidi, ile dawa iliyoharibu viungo vya watoto tumboni, mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 1977 iliwaondoa wanawake wanaoweza kuzaa kwenye majaribio ya mwanzo ya dawa. Ikaja kulegeza 1993. Matokeo yake ni vituko kama cha zolpidemu, dawa ya usingizi: iliuzwa miaka ishirini kwa kipimo kimoja, ndipo 2013 wakasema wanawake wapewe nusu, maana kwao inakawia kutoka mwilini na asubuhi wanaendesha magari wakiwa bado wamelewa. Na msidhani waliacha. Mwaka 2019 dawa ya Descovy iliidhinishwa kwa kuzuia maambukizi ya virusi, isipokuwa kwa wanaoweza kuambukizwa kupitia ukeni. Kisa? Hawakuwaweka kwenye jaribio.

Najua kuna kaka atakuja kuniambia kupima wanawake ni kugumu, mimba, homoni, gharama. Weka hoja yako mfukoni. Kisumu yetu hii ilikuwa mojawapo ya miji mitatu, pamoja na Thika na Nairobi, iliyojaribu dozi moja ya chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana 2,275, na matokeo ya 2022 yalionyesha kinga ya zaidi ya asilimia 97 dhidi ya aina mbili hatari zaidi za virusi hivyo. Lenakapaviri, sindano ya mara mbili kwa mwaka ya kuzuia virusi vya UKIMWI, ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake wa Afrika Kusini na Uganda, na aliyeshika mimba katikati hakufukuzwa. Kati ya 2,134 waliopata sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Wakitaka, wanaweza.

Ninachotaka kliniki ni kitu kidogo. Ukinipa dawa, niambie ilijaribiwa kwa nani. Ukinipima kilo, niambie zilikuwa ngapi kabla ya DTG na sasa ngapi, na tuzungumze presha bila chapati. Ukiniwekea kijiti, uliza nameza nini. Na kama hujui, sema hujui, nitakuheshimu zaidi.

Wa Homa Bay, Siaya, Busia, Kakamega, Nakuru: nani mwingine alishika mimba akiwa na kijiti na efavirensi pamoja? Nani ameongezeka kilo na akaelezwa chochote cha maana? Andikeni hapa chini, ila msitaje hospitali wala majina ya watu, na picha za kadi msiweke. Wale wa "wanawake mnalalamika sana", uzi wa Gor Mahia uko juu kidogo, nendeni mkalalamike huko.