Wagombea watatu wa baraza la komini, mipango mitatu ya mazingira: nimpe nani kura?

Chini_ya_Kilima
Jambo wote. Kura ya washauri wa komini imekaribia. Huku kwetu Bukavu, Kongo, wagombea watatu ndio wamegusa mazingira. Wa kwanza anaahidi kukomesha sashe (mifuko ya plastiki) na kuweka chekeche la chuma mtoni lizuie chupa. Wa pili, miti na vetiveri, zile nyasi za mizizi mirefu, kwenye miteremko. Wa tatu, wabeba takataka nyumba kwa nyumba kwa malipo ya mwezi. Mngechagua yupi?

Fundi_Mitaro
Ndugu, Bukavu ina komini tatu: Ibanda, Kadutu na Bagira. Uko komini gani? Nyumba iko juu ya mteremko, katikati, au chini kando ya maji? Mto gani? Bila hayo kila mtu atakujibu ya kwake.

Sheria_Kwanza
Mimi naongeza: wamesema pesa zitatoka wapi? Mshauri wa komini haamrishi polisi wala hachimbi mtaro. Kwa sheria ya 2008 juu ya maeneo yaliyogatuliwa, baraza linapitisha bajeti, linasimamia usafi, masoko na barabara za komini, na linamchagua bugumestre, mkuu wa komini. Utekelezaji ni wa bugumestre. Kwa hiyo mgombea asiyetaja mstari wa bajeti hajakuambia kitu bado.

Na hiyo ya sashe: dekreti (amri ya serikali) ya tarehe 30 Desemba 2017 ilishapiga marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki nchi nzima. Hakuna sheria mpya ya kuleta. Muulize atafanya nini Jumatatu sokoni Kadutu, na nani atalipwa kukagua.

Mama_wa_Soko
Sheria_Kwanza, hapo umesema vizuri, lakini ukaguzi sokoni unamwangukia mama anayeuza nyanya vipimo vitano kwa siku. Sashe haianzii kwake, inatoka kwa muuzaji wa jumla kwa mafungu makubwa. Ukimnyang'anya mama, kesho atanunua nyingine palepale. Aanze na depo za jumla, na awape wenye mboga na samaki kitu cha kufungia. Jani la ndizi linafaa kwa mboga, ila halishiki unga wala ndagala wabichi.

Chini_ya_Kilima
Samahani, ni Kadutu. Tuko chini, mita chache kutoka Kawa. Mvua ikinyesha maji yanaingia uani na chupa zake. Pesa sijasikia mmoja akizitaja.

Fundi_Mitaro
Basi hilo chekeche la mgombea wa kwanza litazame kwa makini, maana wewe ndiwe utakayedhurika likijengwa vibaya. Nieleze linavyoshindwa.

Wanachomelea vyuma wima, nafasi ya sentimita mbili tatu, chini ya daraja kwa sababu hapo kuna ukuta wa kushikia. Mvua ya kwanza kubwa, sashe zinanata kwenye vyuma kama ngozi. Nyuma yake yanakuja majani ya ndizi, nguo kuukuu, godoro. Ndani ya dakika chache si chekeche tena, ni ukuta. Maji yanapanda, yanatafuta pembeni, yanaingia kwenye nyumba za chini. Mchanga nao unatulia nyuma ya vyuma, kitanda cha mto kinainuka, kwa hiyo mvua ya pili inafurika mapema kuliko ya kwanza. Mwishowe watu wenyewe wanakata vyuma usiku ili waokoe nyumba, na takataka zote zinashuka ziwani kwa mkupuo mmoja.

Likijengwa sawa: vyuma vilale kwa mshazari, karibu digrii 45, ili takataka zipande badala ya kubanwa. Nafasi kati ya chuma na chuma iwe pana kuliko hizo sentimita mbili tatu, chupa zishikwe lakini majani madogo yapite. Juu yake pawe na njia ya wazi ya maji kupita yakijaa. Shimo la mchanga liwe mita kadhaa kabla ya chekeche. Na kikosi cha watu wanne, wenye reki na buti, waje baada ya KILA mvua, si Jumamosi ya salongo (usafi wa pamoja) tu. Bila mshahara wa hao wanne usilikubali.

Taa_Zinazimika
Pamoja na hayo mimi ningempa huyo wa kwanza. Chupa za Kawa zinaingia ziwa Kivu, upepo na mkondo vinazisukuma hadi mto Ruzizi unapotokea ziwani, zinarundikana mbele ya bwawa la umeme la Ruzizi I. Maji yakipungua kwenye turbini wanasimamisha mashine ili wasafishe. Tunalalamika giza, na ni chupa zetu.

Mama_wa_Soko
Ndiyo maana nasema wa tatu! Chupa ishikwe nyumbani kabla haijafika mtoni.

Sheria_Kwanza
Mama, tupige hesabu. Nyumba ya watu sita, nusu kilo kwa mtu kwa siku, ni kilo 3. Avenyu ya nyumba 60 ni kilo 180 kwa siku, kilo 1,260 kwa wiki. Mbebaji mwenye mzigo wa kilo 50 atapanda zaidi ya safari 25 kila wiki kwa avenyu moja, kwa vile mkokoteni haupiti kwenye ngazi za mtaa wa Nyamugo. Halafu lori la kutoa barabarani, na mahali pa kumwaga. Mgombea ametaja mahali pa kumwaga?

Mama_wa_Soko
Uzito mkubwa ni maganda ya ndizi, ya viazi, vijiti vya sombe (majani ya muhogo). Vikitengwa nyumbani, mzigo unapungua zaidi ya nusu. Mboji inataka tabaka la maganda, tabaka la majani makavu au majivu kidogo, kugeuza kila wiki, miezi mitatu. Ikinuka ujue ina maji mengi, ongeza makavu.

Udongo_na_Mvua
Mbona hakuna anayemtaja wa pili? Vetiveri inafanya kazi, ila watu wanaipanda kama maua. Inafuata mstari wa usawa wa kilima, si kushuka nacho. Vichipukizi viwili au vitatu pamoja, kila sentimita 15. Mstari wa mita 20 unataka mashina kama 135. Ukishuka mita moja na nusu, mstari mwingine. Ipandwe Septemba mvua zikianza, ikipandwa Juni inakauka. Shina lililokufa lipandwe jingine mapema, kwa sababu pengo moja linakusanya maji yote na kuchimba korongo.

Lakini upande wa mtaa wa Funu isitegemewe. Kule ardhi inateleza kwa kina kirefu, chini ya mizizi yoyote. Kinachosaidia ni kuondoa maji juu ya kilima. Paa la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 50, ni lita 2,000, yaani mapipa kumi. Yote yanaingia kwenye udongo mmoja. Mgombea wa miti amesema neno juu ya maji ya mapaa?

Taa_Zinazimika
Na ni miti gani? Wakipanda mikaratusi itakatwa kwa makaa kabla haijashika udongo.

Udongo_na_Mvua
Mkaratusi ukikatwa unachipuka tena, kosa lake si hilo. Kosa ni kwamba chini yake hapaoti nyasi, na mvua inapiga udongo mtupu. Grevilea ni afadhali.

Fundi_Mitaro
Grevilea kwenye kiwanja cha mita kumi kwa kumi? Mizizi itaingia kwenye msingi.

Udongo_na_Mvua
Si kiwanjani. Kwenye kingo za barabara na sehemu zisizojengwa.

Taa_Zinazimika
Sehemu zisizojengwa Kadutu ziko wapi?

Sheria_Kwanza
Turudi kwa aliyeuliza. Ndugu, kumbuka kura unayompa mgombea inahesabiwa pia kwa orodha yote ya chama chake. Tazama nani mwingine yuko kwenye hiyo orodha.

Chini_ya_Kilima
Asanteni. Nitawauliza watatu hawa pahali pa kumwaga, mshahara wa watu wanne na maji ya mapaa. Wa kwanza anakuja kwenye avenyu yetu kesho. Fundi, daraja letu lina mita tatu tu toka ukuta hadi ukuta. Chekeche la mshazari linaenea hapo?

Fundi_Mitaro
Inategemea kina. Pima toka kitanda cha mto hadi chini ya daraja, na alama ya maji ya mvua kubwa ya mwisho ukutani. Leta vipimo hivyo viwili.