Mrejesho: Kirikuu ya kusafishia mapaa, Mbeya

Wakuu, salaam. Niliuliza hapa namna ya kufunga tenki na mashine ya presha kwenye Kirikuu yangu (kigari kidogo cha mizigo) ya kazi ya kusafisha mapaa. Asanteni sana mlionijibu.

Nimeachana na simtanki la lita 1,000 kama mlivyoshauri. Maji hayo peke yake ni tani nzima, wakati kigari hiki kimeundwa kubeba kilo 350. Nimeweka la lita 200, limebanwa kwenye bodi, nyuma ya kebini, kwa fremu ya chuma na mikanda. Mteremko wa Mlima Nyoka nashuka kwa gia ndogo na breki hazinuki tena. Maji yakiisha, najazia kwa mteja.

Aliyesema nitangulize chujio kabla ya pampu, Mungu akubariki mkuu. Kila nikilifungua nakuta mchanga na vipande vya majani, vyote hivyo vingeingia kwenye pampu.

Kusuuza bodi kila jioni kumesaidia kwa sehemu tu: bati la chini liko salama, ila bawaba za nyuma bado zinaliwa na kutu ya klorini ninayosafishia mapaa, hata nikizipaka grisi. Keria ya ngazi imegoma kabisa, barabara ya vumbi inalegeza nati. Ngazi nailaza ndani ya bodi, nafunga kitambaa chekundu mwishoni.